Makaburi Mawili ya Lobule

Kwa furaha kubwa Ofisi ya Mambo ya Kale, tawi la Arua, iliutangazia umma mwaka 1987 kwamba ardhi yote sasa imo katika utaratibu. Kitu chochote kilichokaa udongoni zaidi ya miaka mitano ni cha kale, na cha kale ni cha serikali. Kuchimba ni kazi ya wataalamu. Mtaalamu nilikuwa mimi, Zubeiri. Nilisomea kazi hiyo Kampala wiki tatu nzima, chakula juu yao.

Tangazo lilihitajika jamani. Watu walikuwa wanarudi kutoka Zaire na Sudan walikokimbilia wakati wa vita, na kila mmoja, kabla hata ya kunywa maji, alishika jembe akaanza kuchimbua uwanja wake. Wanaakiolojia wa ridhaa! Walifukua masufuria, vinu na baiskeli bila brashi na bila kupima. Walidai eti walivizika wenyewe siku ya kukimbia. Madai hayo hayana msingi wa kitaaluma.

Kule Lobule nilikuta makaburi mawili ya mawe kando ya njia. La kwanza nililitambua mara moja: chifu wa zamani sana. Juu yake alisimama Kaltumu, fundi wa nguo, na jembe mkononi.

"Chifu gani, Mzee Zubeiri? Hapa iko cherehani yangu. Nilizika mimi mwenyewe, nikapanga mawe, nikalia mpaka askari wakanipa pole."

"Mama, wewe ni wa ridhaa. Huna taaluma."

"Mimi niko na watoto. Bila hii mashine watakula nini, taaluma?"

Nilimhurumia, lakini sheria ni msumeno. Nikamwalika mgeni wa heshima kutoka Kampala, tukalifungua kaburi kwa kijiko na brashi, mchana kutwa. Likatoka jamvi, na ndani ya jamvi cherehani, imepakwa mafuta, haina hata kutu.

"Chombo cha ibada," nikaeleza. "Chifu alizungusha gurudumu hili kuita mvua."

Mgeni akaamuru ipakiwe garini. Kaltumu akaishika kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Kisha akaliangalia kaburi la pili.

"Basi chimbeni na ile. Serikali isidhulumiwe."

"Lile haliwezekani," nikasema haraka. "Amelala mjomba wangu."

"Mjomba wako!" Kaltumu akajishika kichwa. "Woo! Mzee Zubeiri iko na maiti hapa na sisi hatujalia!"

Akapiga yowe, wanawake wakaja mbio wakampokea. Mgeni naye, aliyekwisha kunogewa na ugunduzi, akasema hata mjomba, akipita miaka mitano, ni wa kale. Wakachimba kwa majembe, kiridhaa kabisa. Yakatoka mabati, lundo zima, yana chapa nyekundu ya shule ya hapohapo, ile ambayo watoto wake wanasoma juani.

Vilio vikakatika.

"Haya ni ya kale," mgeni akauliza, "au yana mwenyewe? Kama ni ya kale, tutakwenda nayo Kampala, na wewe ukaeleze yaliingiaje kwa mjomba."

Nilitafakari kitaaluma, upesi. Nikaamua kwamba kitu chenye mwenyewe anayejulikana si cha kale. Mabati yarudi shuleni. Na kwa ulazima wa kisayansi, cherehani irudi kwa Kaltumu.

Akaipangusa kwa kanga, akazungusha gurudumu, ikalia vizuri. Mvua haikuja.

"Ahsante, Mzee. Sasa mjomba."

"Mjomba gani?"

"Marehemu. Tumefukua, tumelia. Matanga iko lini?"

Mgeni alikuwa ananitazama. Kumkana mjomba kungezua swali la nani basi aliyazika mabati. Nikasema Jumamosi.

Wakaja, hadi wa Ludara kwa baiskeli. Wakalia kwa moyo wote, wakala fahali wangu, wakaniuliza kama marehemu hakuacha mbuzi. Kaltumu akasimama akamsifu: mtu mtulivu, hakusumbua jirani, alitunza mali ya watoto.

Utafiti juu ya mjomba unaendelea. Mbuzi wamekwisha. Jana wamefika wengine kutoka Manibe, wanasema habari za msiba zimechelewa kuwafikia, na wanaomba nafasi ya kulia.