Tafsiri Rasmi ya Rangi Nyeupe

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba, kuanzia Jumatatu saa tatu asubuhi, rangi nyeupe imepanuliwa. Sasa inajumuisha krimu, maziwa yaliyoganda, na ile rangi ya chai ya kantini yetu. Waraka niliuandika mwenyewe, mimi Katibu wa Kamati ya Ufafanuzi wa Athari katika Mradi wa Umeme wa Upepo, na nitaeleza ulivyozaliwa ili wasio na elimu ya utawala wasije wakaucheka.

Yote yalianza na dobi. Mama huyu ni mjane, anaishi na mama mkwe wake chini ya kilima chetu, kando ya chemchemi. Kwa miaka kumi na tisa amefua makoti ya wauguzi wa zahanati pamoja na mashati ya ofisi yetu. Tulipochimba mashimo ya misingi ya mitambo huko juu, na kuchonga barabara ya malori ubavuni mwa kilima, udongo uliobaki tuliuacha ukingoni upumzike. Mvua ya kwanza ikauamsha. Asubuhi dobi alikuta chemchemi imekuwa uji, na bustani ya mboga ya mama mkwe wake imefukiwa hadi magotini.

Akaja ofisini na chupa ya maji na koti la muuguzi.

“Mkurugenzi, hili koti nimelifua mara tatu,” alisema. “Kila nikilisuuza, linazidi kuchafuka. Muuguzi mkuu kaniambia nikirudisha tena la namna hii, atatafuta dobi mwingine. Na maji ndiyo haya haya wanayokunywa wagonjwa.”

Mkurugenzi wetu, mtu wa kalamu nne mfukoni, aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha.

“Mama, hapa mimi naona maji.”

“Mimi naona tope.”

“Maji ni mali ya asili. Udongo nao ni mali ya asili. Hizi ni mali mbili ndani ya chupa moja. Wewe umeongezewa.”

“Basi chukua wewe, baba.”

Niliandika: mdau ameridhika.

Lakini mdau hakuondoka. Alisema tungechimba mfereji wa kukinga maji juu ya barabara, na kupanda majani kwenye ule udongo, maji yangeshuka taratibu na chemchemi ingepona. Mama mkwe wake amelima ubavu ule tangu aolewe, anajua maji yanapopita.

“Mfereji upo,” Mkurugenzi alimjibu, akafungua ripoti. “Ukurasa wa kumi na saba. Unachimbwa kila siku na vibarua kumi na watatu.”

Hao vibarua niliwaajiri mimi, kwa kalamu. Nilichagua kumi na watatu kwa sababu kumi huonekana kama mtu amebuni.

Dobi aliutazama ule ukurasa. Kisha akalikunja koti polepole, mkono juu ya mkono, kama anakunja nguo za marehemu, akatoka bila kuaga. Niliandika: mdau ameelewa.

Jumamosi yalirudi mashati yetu tisa, yale meupe ya kumpokea mkaguzi wa wafadhili. Yalikuwa yamepigwa pasi vizuri sana, na yalikuwa na rangi ya tofali. Mjumbe mmoja alipendekeza tuvae mengine. Mkurugenzi akamwuliza kama anataka kukiri kwa shati kile ambacho kamati imekataa kwa maandishi. Ndipo ukatoka waraka wangu.

Jumatano mkaguzi akafika. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira, na hakutaka maua wala hotuba. Alitukuta tumejipanga kando ya barabara kwa kimo, akatutazama kuanzia kola hadi kiuno, akafungua ripoti yetu ukurasa wa kumi na saba.

“Kumbe vibarua wa mfereji ndio hawa,” alisema.

Mkurugenzi alifungua mdomo. Akisema sisi si vibarua, ataulizwa vibarua wako wapi. Akisema mashati ni meupe, ataulizwa macho yake yako wapi. Nilimwona akizipima njia zote mbili.

“Ndio sisi,” alisema.

“Mbona mko tisa?”

“Wanne wako likizo,” nikasaidia.

“Vizuri. Mmevaa kikazi, rangi isiyoonyesha udongo. Haya, endeleeni, nami niwaone.”

Makoleo yalishushwa kutoka kwenye lori la mradi. Tukayashika. Hakuna aliyejua aanzie wapi, maana mfereji ule hatukuwahi kuuona sisi wenyewe. Dobi alikuwa amepanda kilima na chupa nyingine ya malalamiko. Alituangalia mmoja mmoja, akaiweka chupa chini, akaburuta kisigino chake ardhini, akapiga mstari kukata ubavu wa kilima.

“Hapa,” alisema. “Na msiuinamishe sana, maji yakipata kasi yatabomoa ukingo.”

“Msimamizi wenu ndiye huyu?” mkaguzi aliuliza.

Mkurugenzi alimtazama dobi, kisha akatazama koleo lake.

“Ndiye,” alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake.

Mkaguzi alifungua kiti chake cha kukunja. Alisema ana siku nne.

Siku ya tatu manyunyu yalianza, na maji ya kwanza yakaingia kwenye mfereji, yakatembea badala ya kukimbia. Viganja vya Mkurugenzi vilikuwa vimetoka malengelenge, na kalamu zake zote nne zimepotelea kwenye tope. Alijinyoosha, akashika kiuno.

“Mama,” alisema kwa adabu, “tutapumzika saa ngapi?”

Dobi aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayatazama, akayamwaga.

“Bado hayajatakata, baba. Chimba.”