Mikate Isiyosikia Mvua

Profesa, cheo alichojitunuku mwenyewe bila kusumbua chuo chochote, alimwona mwoka mikate akimwaga kapu zima la mikate iliyolala. Hapo hapo akanusa riziki.

"Mzee, shida yako si unga, ni jedwali," alimwambia. "Kompyuta itakupangia kila siku uoke mingapi. Hutabakisha hata mmoja."

"Hata mmoja?"

Mwoka mikate alikuwa mgumu kuliko bidhaa yake ya juzi, lakini neno hilo lilimlainisha. Akalipa ada ya mafunzo ya siku tatu, yake na ya dada yake, mshona sare.

Jumatatu asubuhi wakakutana katika chumba cha kupanga, juu ya kinyozi. Profesa akafungua jedwali lenye kijani, njano na nyekundu: wateja mia, mikate mia na ishirini. Mwoka mikate akaguna kwa heshima.

"Mwalimu," dada mtu akasema, "siku ya mvua wateja hupungua. Hebu weka sitini."

Profesa akaweka sitini. Mikate ikabaki mia na ishirini.

"Mbona haikusikia?"

"Inafikiri."

Wakaisubiri ifikiri. Kule chini kinyozi akamaliza kichwa kimoja, akashika kingine.

Walipotoka kunywa chai, dada akamvuta Profesa pembeni. "Kaka, namba zile umezichapa tu. Hakuna fomula hata ya dawa. Mimi hupanga vitambaa vya shule nane kwa majedwali hayo hayo. Nimwambie ndugu yangu?"

Profesa akashusha sauti. "Dada, tusifikishane huko."

"Basi nipe kompyuta na ada zote mbili, nikutengenezee. Kesho kitafundishwa kitu cha kweli."

Wengi mjini huponzwa na tamaa. Profesa aliponzwa na aibu. Akatoa vyote, na asante juu.

Kesho yake alikuta karatasi mpya mlangoni: mafunzo yale yale, mwalimu mwingine. Mshona sare alikuwa amesimama mbele, ndugu yake kakaa, na pembeni yake mashoga wanne wa dada mtu, wenye maduka.

"Na mimi, dada?"

"Ada kwanza."

Profesa akapapasa mifuko. Akatoa hela aliyoiweka kwa ajili ya kodi ya chumba, akalipa, akakaa nyuma.

Dada akafuta mia, akaandika sitini. Mikate ikashuka yenyewe hadi sabini na miwili.

Profesa akanyoosha kidole. "Mwalimu," alisema taratibu, "naomba urudie hapo."