Saa Sita za Tokyo

Alhamisi, 7 Agosti 2025. Yombo.
Habari kubwa! Widad, binti wa jirani yetu Bi Jokha, anarudi likizo kutoka Tokyo. Anasomea ufundi wa injini za ndege. Injini za ndege! Mie Mashaka, fundi majokofu, nimekaa kitako kwa heshima. Mwanamke anafungua dude linalovuka kilomita elfu kumi na moja na ushei, analifunga tena, na linaruka! Sijawahi kumwona, nimehamia mtaani yeye kashaondoka, lakini wa kuoa ni huyu.
Nimepima umbali kwa uzi kwenye ramani ya ukutani. Uzi umeishia India. Nikaunga kamba ya kiatu.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.
Bi Jokha kanisikilizisha sauti ya Widad kwenye simu. Anaondoka Tokyo leo saa nne na nusu usiku, saa za kule. Atabadilisha ndege Doha. Safari nzima saa kumi na nane na nusu. Nikamwambia Bi Jokha papo hapo: atatua kesho saa kumi na moja jioni, mapokezi niachie mie.
Hamoud mwenye duka akadakia. Eti Tokyo wametutangulia saa sita, kwa hiyo nitoe sita, Widad atatua saa tano asubuhi. Wivu! Nikamjibu kwamba mtu akikaa angani saa kumi na nane amekaa saa kumi na nane, hakuna wa kumrudishia. Bi Jokha kaniamini mie. Mama mwenye akili sana. Nimeita matarumbeta.

Jumamosi, 9 Agosti.
Saa nane mchana. Mazoezi mlangoni kwa Bi Jokha. Yeye ndani, hina bichi miguuni. Mie nje na bango: KARIBU WIDAD. Akaja dada mmoja na masanduku mawili, jasho linamtiririka, akaomba apite.
Nikamwambia, "Zunguka nyuma, sista, hapa tunamsubiri mgeni mkubwa."
Akalisoma bango. "Mgeni ndo mie, braza."
Tarumbeta likakata pumzi. Bi Jokha akaisikia sauti ya binti yake, akatoka mbio, hina yote sakafuni, akamkumbatia mwanawe huku analia. Kumbe kasubiri uwanjani peke yake weee, mpaka akachukua bajaji. Hakulalamika hata neno! Kacheka mpaka kashika mbavu, kawaambia wapigaji waendelee, kacheza na mama yake katikati ya njia. Sijaona mtu kama huyu. Hamoud kaleta soda. Anajipendekeza.

Jumapili, 10 Agosti.
Widad kanielekeza kwa chungwa na tochi. Chungwa dunia, tochi jua. Wenzetu kule kunawahi kukucha. Kuja huku unatoa saa sita, kwenda kule unaongeza. Vidole vyake vina makovu ya spana. Nimevitazama muda wote. Hamoud akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema kabisa!
Anarudi Tokyo mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba wake, bibi mzee wa Kijapani, ataenda uwanjani kumpokea, na anataka kujua afike saa ngapi. Nikawahi kabla Hamoud hajafungua mdomo: hiyo niachieni mie. Hesabu imeshakwenda kwa yule bibi. Nimetoa saa sita, safi kabisa. Hatachelewa.