Mita Thelathini hadi Karakanani

Jumatatu, 24 Novemba

Mteja mpya, Mugeni, amepiga simu kutoka Ubelgiji. Anajenga hapa Kibagabaga, si mbali na kwetu, na anataka milango tisa ya mbao. Tisa! Ila picha hazitaki. Kuna fundi aliwahi kumtumia picha za milango ya mtu mwingine. Anataka kuniona kwa video, nikipiga randa ndani ya karakana yangu. Jumamosi, saa nne asubuhi. Asiponiona, ataagiza milango ya chuma kwa Kubwimana.

Kubwimana! Jirani yangu, mchomeleaji wa mageti, mwenye mtandao karakanani kwake na muziki kutwa nzima ili nijue anao.

Mimi pia ninao, ila uko nyumbani. Karakana yangu iko chini ya nyumba, mteremkoni, mabati pande zote. Waifai haifiki, na simu yenyewe inashika kijiti kimoja, tena kwa huruma. Kalisa, fundi wa mitandao, amekuja kuangalia. Akasema atavuta waya na kufunga kifaa cha pili, kazi ya nusu siku. Nikamshukuru, nikamsindikiza. Mtu aliyejenga ngazi za ghorofa tatu hafundishwi kuvuta waya.

Jumanne, 25 Novemba

Nimehamishia kifaa cha waifai kwenye dirisha la nyuma. Nyuma yake nimesimamisha kifuniko cha sufuria kubwa ili kisukume mawimbi mteremkoni. Sayansi! Karakanani: hakuna kitu. Sebuleni: hakuna kitu pia. Mke wangu Winifred, anayefundisha Kiingereza kwa mtandao, amekatika mbele ya wanafunzi kumi na wawili. Aliuliza kwa nini nisimwite Kalisa. Kisha akauliza kifuniko chake kiko wapi. Nilijibu swali la pili tu.

(Naandika Kiswahili cha Karagwe nilikolelewa. Winifred amekulia Mbarara, Kiswahili hakisomi. Humu daftarini niko salama.)

Jumatano, 26 Novemba

Nimemgundua adui: mabati! Nimeng'oa mawili upande wa nyumba. Vijiti viwili! Nilipiga kelele hadi Kubwimana akazima mashine yake. Nikamtazama tu.

Saa nane mvua ikashuka, ikapita palepale nilipong'oa. Mlango wa mfano, wa kumwonyesha Mugeni, umevimba kama andazi. Nimerudisha mabati. Nimeanza mlango mwingine, na huu, hata adui angekiri, ni mlango.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimekwenda Muhima kununua waya na kifaa cha pili. Muuzaji aliuliza umbali. Nikasema mita thelathini. Akauliza kama nimepima. Nipime nini? Mimi ni seremala, jicho langu ndilo futi.

Waya umeishia hatua nne kabla ya karakana. Kosa ni la mteremko. Lakini ukikata kona kupitia juu ya ua wa miti ya miyenzi wa Kubwimana, unafika vizuri kabisa. Nimeulaza humo, nikaufunika kwa majani. Nimwombe ruhusa? Afurahi? Hapana!

Ijumaa, 28 Novemba

Unafanya kazi! Nimetazama mzungu akichonga kijiko, dakika arobaini, bila sababu yoyote. Nimefungulia muziki kushinda wa Kubwimana.

Winifred amenikumbusha kwamba kesho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda! Mtaa mzima unatoka kufanya kazi za pamoja, saa mbili hadi saa tano. Nikamwambia mgongo utaniuma. Akauliza lini. Nikasema kesho.

Jumamosi, 29 Novemba

Saa nne kamili. Nimejifungia karakanani. Mugeni kwenye simu, anatabasamu. Napiga randa, maranda yanaruka. Akaomba nisogeze simu aone maungio ya mlango. Nikasogeza. Mugeni akaganda, mdomo wazi. Kimya.

Nikatoka mbio kuufuata waya. Mtaa mzima ulikuwa kwa Kubwimana! Mukandekezi, kiongozi wa umudugudu, yaani mtaa wetu, alikuwa ameamuru nyua zote za njiani zipunguzwe. Kubwimana alishika panga mkono mmoja, kipande cha waya mkono wa pili.

"Jirani, hii kamba ya bluu ni yako?"

Mukandekezi akautazama mgongo wangu, akazitazama mbio nilizokuja nazo.

"Nsengiyumva, jembe lako liko wapi?"

Nikapewa sepetu. Nimechimba mtaro hadi saa tano, kichwa juu.

Nikiwa mtaroni, simu ya Winifred ikalia; namba yake nilimpa Mugeni pamoja na yangu. Mugeni alikuwa anauliza kama nimekufa. Winifred akamwambia asubiri. Yeye na Kubwimana (Kubwimana!) wakaubeba mlango kutoka karakanani hadi barabarani, penye mtandao mzuri, wakamwonyesha kila ungio. Kubwimana akamwambia kwa mdomo wake kwamba mlango kama huu yeye hawezi, hata apewe mwaka. Mugeni akaomba kumwona fundi. Winifred akageuza simu. Nikapunga sepetu.

Nimepata milango tisa! Kubwimana amepata kazi ya geti. Nilikwenda kumshukuru, maneno yakagoma, nikampa mkono. Macho yalinilowa kidogo. Jasho.

Jumapili, 30 Novemba

Kalisa amerudi leo. Winifred ndiye aliyemwita kabla ya kwenda kanisani. Nimemrudisha kutoka getini. Kwani mpango wangu ulishindwa wapi? Waya haukushindwa, ulikatwa! Mtandao haupaswi kupita chini kwenye watu wenye mapanga. Njia ni juu.

Nimesimamisha mti wa mkaratusi juu ya paa la karakana, nikapanda na kifaa cha pili, nikakifunga kileleni kwa kamba. Vijiti vinne! Vimejaa! Hata Kubwimana hajawahi kuviona vinne.

Ngazi imeanguka.

Naandika nikiwa nimeketi kwenye bati. Jua ni kali. Winifred ametoka kanisani, anapita hapo chini, ameniita mara mbili. Siitiki. Mtu mwenye vijiti vinne hahitaji ngazi.