Namba Niliyompelekea Bi Orie

Jumatatu, 2 Desemba

Wiki iliyopita, kliniki yetu: watoto kumi na sita wametapika. Nimejaza fomu, nimeituma kwa faksi ofisi ya afya ya wilaya, kama kila Jumatatu. Anayepokea ni Bi Orie. Miaka mitatu nampelekea hesabu za kutapika na kuhara na sijawahi kumwona uso! Sauti nimeisikia mara moja, sekunde arobaini, alipouliza kama jumla yangu ni sahihi. Ilikuwa sahihi, akakata. Kosa kubwa la maisha yangu.

Lakini Jumapili ya tarehe 15 shule ya chekechea inatwanga mochi, zile keki za wali wa kunata, na Bi Orie ndiye atakayesimamia unawaji mikono. Nimejiandikisha kutwanga!

Jumatano, 4 Desemba

Nimenunua shati. Siku kumi na moja! Nina hamu ya ile sauti mpaka wali unapoa sahanini. Bosi wangu, Daktari Isogai, mama wa miaka sabini, amesema simu hailii kwa kukodolewa macho. Nikafute matapishi mlangoni.

Jumatatu, 9 Desemba

Watoto kumi na tisa. Nimeandika tisini na moja. Mtu yeyote mwenye akili atapiga simu kuuliza.

Saa nane, kimya. Saa kumi na moja, kimya. Daktari kaniuliza kama nimefunga ndoa na hiyo simu.

Alhamisi, 12 Desemba

Hakupiga. Ametangaza! Zinazopeleka hesabu ni kliniki nne tu, kwa hiyo namba yangu imepandisha wastani, na wilaya nzima iko kwenye tahadhari. Mochi zimefutwa. Barua zimeshafika kwa wazazi.

Binti mmoja wa miaka mitano kaniuliza, "Mjomba, mochi zimekosa nini?" Nilijificha stoo.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimekiri. Daktari kanivuta kwa mkono wa shati jipya mpaka kwenye simu. Dakika tatu nzima za Bi Orie! Alisema hakuuliza kwa sababu hesabu zangu ndizo pekee asizozihakiki. Kumbe alikuwa akinisifu kwa wenzake. Kisha, taratibu, "Nilikuamini, Bwana Tsukuda."

Hakufoka. Laiti angefoka. Nimelia kama mtoto aliyenyimwa.

Jumatatu, 16 Desemba

Jana nilipita chekechea. Hakuna mtu; muda wa kuwaita wazazi tena haukutosha. Kinu kimefunikwa turubai.

Sasa Daktari anaandika hesabu mwenyewe na kugonga muhuri wake. Kazi yangu ni kuingiza karatasi kwenye mashine ya faksi, basi. Sawa. Nimetubu kabisa. Namba ya mtu siigusi tena maishani!

Karatasi nimeingiza. Kifudifudi, maandishi yakiangalia upande usiosomwa. Kule kwa Bi Orie itatoka nyeupe tupu, na karatasi tupu haiaminiki hata iwe imetoka kwangu. Lazima aulize.

Nimechana nywele. Nimekaa karibu na simu.