Chini ya Asilimia Tano

Pale kijiweni wananiita Asilimia. Sikujipa jina hilo, ila sikulikataa pia, maana lina harufu ya usomi. Kijiwe chenyewe ni benchi nje ya kibanda cha Kinyozi. Jana saa tano asubuhi Mama Futi, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuwa anatusomea habari kwenye simu kwa sauti ya hakimu.

"Sikieni vituko! Kuna kampuni inakodisha kompyuta. Zinakaa huko kwao, wewe unazitumia kwa mtandao ukiwa kwako. Wameshusha bei asilimia tisini! Halafu hapa chini, kwa maandishi ya sisimizi: mwenye mashine anaweza kuichukua wakati wowote, kwa taarifa ya dakika mbili."

"Dakika mbili?" Kinyozi akatoa kichwa dirishani. "Mimi hata mdeni wangu namwachia amalize chai!"

"Hapo mmefika kwenye fani yangu," nikasema, nikajiweka sawa kwenye benchi. Nikijiweka sawa hivyo nyumbani, mke wangu hukumbuka ana kazi jikoni. "Hizo ni mashine zilizolala bure. Kinyozi, chukua mfano wa kiti chako cha pili. Hakina mtu, unamkalisha wa bei poa. Akija wa bei kamili, wa bei poa anainuka."

"Hata kama nimeshamnyoa upande mmoja?"

"Hata kama."

"Ala! Na akipita barabarani hivyo, watu watauliza kanyolewa na nani!"

Chaki, mwalimu mstaafu ambaye mpaka leo husahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu, akanitazama juu ya miwani. "Asilimia, usiniambie kuna kitu chako humo."

"Changu hakimo. Ni katuni ya shemeji."

Shemeji, mdogo wa mke wangu, wanamjua. Yuko mwaka wa mwisho chuoni, na kesho yake saa nne alitakiwa kuionyesha katuni hiyo mbele ya wasahihishaji. Dakika nane, picha elfu kumi na moja na ushee, kila moja mpaka kompyuta iipake rangi na kuitia mwanga. Bila katuni, anarudia mwaka. Nilimwambia niachie mimi. Nikakodi mashine kumi za bei poa.

"Nimepima hatari kitaalamu," nikasema. "Uwezekano wa kunyang'anywa ni chini ya asilimia tano."

"Asilimia tano ya nini?" Chaki akauliza.

"Asilimia tano… ya kunyang'anywa."

"Ya mashine? Ya siku? Ya mwezi?"

Jamani, miaka yote nataja asilimia, hakuna aliyewahi kuniuliza ya nini. "Ni takwimu za mwezi uliopita," nikasema kwa sauti ya chini.

"Mwezi uliopita hata mimi kiti kilikuwa kitupu," Kinyozi akadakia. "Wiki hii shule zinafunguliwa, hapa hapatoshi. Hizo mashine kumi ni za aina moja?"

"Moja."

"Ziko mahali pamoja?"

"Pamoja. Hapo ndipo palipokuwa rahisi zaidi."

"Basi huna mashine kumi, baba. Una moja, umeihesabu mara kumi. Akija mwenye pesa kamili, zinaondoka zote kama kuku wa tenga moja."

"Tulieni!" Nikainua simu. "Nimeandika programu ya ulinzi. Taarifa ikitoka tu, mlinzi wangu anahamisha kazi mahali salama, kisha ananipigia kelele hapa. Tangu alfajiri, kimya. Amani tupu."

Mama Futi akashusha miwani. Yule mama akishusha miwani, kuna mtu mshono wake umepinda. "Na huyo mlinzi umemweka wapi?"

"Kwenye mashine ya kwanza."

"Ya kwanza kati ya zipi?"

Nikafungua ukurasa wa mashine zangu, ukafunguka upesi sana, maana haukuwa na kitu. Zote kumi zilichukuliwa saa moja kasoro robo asubuhi, mlinzi akiwa wa kwanza kubebwa. Na mahali salama? Nilipaandaa vizuri kabisa, ila ndani ya mashine ya pili.

"Mpigie mtoto wa watu," Chaki akasema. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nikapiga. Kwa haraka zangu nikagusa kitufe cha spika, kijiwe kizima kikawa kinasikia. Nikaungama kila kitu: mashine, mlinzi, picha. Nikamwomba radhi mpaka nikaishiwa maneno.

"Pole, shemeji," akasema. "Usijali lakini. Niliwagawia wenzangu sita wa darasani, kila mmoja na fungu lake la picha kwenye kompyuta yake. Jana jioni tukamaliza."

"Ehee! Kwa hiyo ulijua mashine zitachukuliwa?"

"Mashine sikuzijua kabisa. Nilikupima wewe." Sauti yake ilikuwa ya upole, Mungu ambariki. "Tangu umuoe dada ulianza lango, bomba la jikoni, kabati la mama, baiskeli ya mtoto na ile rafu. Ulimaliza kipi?"

"Rafu," nikasema haraka.

"Rafu ilimwangukia mama, shemeji."

Kinyozi alijificha nyuma ya taulo.

"Sasa mbona uliniacha nikahangaika wiki nzima?"

"Dada alisema nikikunyang'anya kazi utanuna."

Nilikuwa na aibu, na wakati huohuo nilitaka kulia kwa furaha. Mtoto kapona, kapona kwa kutonitegemea. "Hongera sana," nikasema. "Kesho nitakuwepo. Nije na nini?"

"Njoo na dada," akasema. "Yeye huwa anafika."

Simu ikakatika. Mama Futi alikumbuka suruali ya mteja, Chaki akakumbuka dawa zake, Kinyozi akakumbuka kuzima mashine ya kunyolea ambayo haikuwa imewashwa. Wakaondoka wote watatu mpaka kwenye kona ya barabara, ili kwa heshima yangu wakachekee mbali.