Swali Nililomuuliza Baba Chebet

Leo nimepatikana. Nawaandikia nikiwa nimejifungia kwa stoo ya kliniki hapa Eldoret.

Mnajua mimi ni klinikali ofisa, yaani tabibu, upande wa ugonjwa wa sukari. Wiki hii tumekuwa na mafunzo ya kuwasikiliza wagonjwa kwa huruma badala ya kuwagombeza (kwa kugombeza sisi ni wazuri sana). Mwalimu wetu, Madam Rose, anasema mwangalie mgonjwa machoni. Rudia maneno yake ajue umemsikia. Na usikwepe mambo ya kitandani, kwa sababu wanaume wengi huacha dawa kimyakimya kwa ajili ya hayo, na hakuna anayewauliza.

Sawa. Leo ilikuwa mtihani. Mgonjwa ni wa kweli, amejitolea, na wenzangu wamekaa nyuma wakiangalia. Ukianguka, unarudia mafunzo yote.

Sasa, Jumamosi hii naenda ukweni mara ya kwanza. Ni kijiji cha Ziwa, kwa kina mchumba wangu Chebet. Wazee wangu wanatoka Bungoma kuja kuniombea msichana. Babake hajawahi kuniona. Mimi nimemwona kwa picha tu, kwa simu ya Chebet.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mzee mrefu, kofia mkononi. Ni yeye, babake Chebet. (Hata koti ni ile ya kwa picha.)

Nikamnong'onezea Madam Rose, "Madam, naomba mgonjwa mwingine."

"Mgonjwa hachaguliwi," akasema kwa sauti. "Endelea."

Nikaanza na miguu. Nikaenda macho, nikaenda chakula, nikarudi tena kwa miguu. Mzee alikuwa ananijibu kwa heshima, mpaka nikaanza kutumaini kwamba tutamalizia hapo. Madam Rose akakohoa.

"Kuna swali umeacha."

Jamani, kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa. Hata kuketi naye benchi moja ni shida. Na mimi hapa natumwa chumbani kwake, watu wakisikiliza!

"Mzee," nikasema, nikimwangalia machoni vile nilifundishwa, "na mambo ya kitandani, wewe na Mama, yanaendelea aje?"

Kimya. Tulifundishwa kimya cha mgonjwa hakikatizwi. Nikakaa nacho.

Mzee alikunja kofia, akaikunjua. "Daktari, tangu nianze hiyo dawa, hakuna kitu. Ndiyo maana niliiacha. Na sijamwambia mtu."

Na sheria ni kurudia. Mungu nisaidie.

"Kwa hivyo Mzee unasema... hakuna kitu."

"Hakuna."

Huko nyuma mtu alibanwa na kicheko. Mimi nikamweleza Mzee kwamba sukari yenyewe huweza kuleta hiyo shida, kwamba tutaangalia dawa upya, ila asiiache bila kutuambia. Macho yake yakalowa. Hapo nilisahau woga wangu wote, nikamhurumia kabisa. Yule mtu amebeba hayo peke yake, akiona ni afadhali augue kuliko aulizwe.

Wenzangu wakapiga makofi. Madam Rose akamwambia Mzee, kwa furaha, "Huyu Wafula ni kijana wetu mzuri sana."

Mzee akainua kichwa.

"Wafula wa Bungoma?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wa Jumamosi?"

"Ndiyo, Mzee."

Akaniangalia machoni (naye amejifunza haraka). Akavaa kofia yake polepole.

"Basi Jumamosi maswali ni yangu. Na usikwepe hata moja."

Mtihani nimepita. Lakini Jumamosi atakayenimiminia chai ni Mama Chebet, na mimi najua mambo ya chumba chake kuliko mkwe yeyote anavyofaa kujua. Mwenye kujua nitaangalia wapi akinipa kikombe, aniambie haraka. Kucheka mtacheka nikishapewa msichana.